Kivuli cha Wino na Kalamu ya Utete

Makala haya ya kutia kivuli kwa wino nimeyasoma kwa furaha, nami naafikiana na mwandishi katika mengi. Walakini pale anapohukumu kuwa mistari iliyopishana ndiyo njia afdhali ya kutia kivuli, hapo siwezi kumfuata, kwa sababu wino hauna rangi ya kijivu, na giza lote la mchoro hutegemea kadiri ya weupe wa karatasi uliobakizwa baina ya alama na alama, ziwe mistari au ziwe nukta. Atazame taswira za uwanda wa La Crau ambazo Vincent van Gogh alizichora kutoka Montmajour, Ufaransa, mwezi wa Julai 1888, kwa kalamu ya utete na ya unyoya: mbele mikwaju minene, na kwa mbali vialama vidogo mno, hata jicho likasadiki masafa yaliyopo. Utete haubebi wino mwingi, hukauka upesi, na ufupi wa mikwaju ile asili yake ni hiyo. Jambo hilo waandishi wa misahafu wa mji wa Siyu, walioishika kalamu ya namna hiyo hiyo, wangelifahamu bila ya kuelezwa. Wanafunzi nawasihi waanze na weupe wakiliendea giza, maana wino haufutiki, na wangoje safu ya kwanza ikauke kabla ya kupitisha ya pili. Tena wajihadhari na wino wanaoununua: sehemu kubwa ya weusi wa wino wa van Gogh imekwisha kugeuka hudhurungi, na vivuli tuvionavyo leo ni hafifu kuliko alivyovikusudia.