Mfuniko wa sufuria ukigeuka kengele ya shule

Jumamosi asubuhi katika nyumba moja ya Kashaulili, mjini Mpanda. Mtoto wa darasa la tano ametunga mchezo wa redio: kengele inagongwa, wanafunzi wamechelewa, mwalimu wa zamu yuko getini. Simu ya baba ipo ya kurekodia. Kengele ndiyo haipo. Muda si mrefu mama anauliza nani kachukua mfuniko wa sufuria.

Mzazi asiharakishe kumnyang'anya. Mchezo wa redio, kama "Twende na Wakati" ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, humtaka msikilizaji aone kwa masikio. Mtoto anayetafuta mlio sahihi anajifunza kusikiliza. Kazi ya mzazi ni kumlinda masikio.

Chuma kikigongwa hutoa vitu viwili: mshindo wa ghafla, kisha mlio unaofifia taratibu. Mfuniko ukishikwa kwa kiganja, mlio hufa. Ukining'inizwa kwa uzi, huendelea. Ndiyo maana rimu la gari linalotumika kama kengele ya shule hutundikwa, halilazwi chini.

Tatizo liko kwenye ule mshindo. Ukipigwa karibu mno na simu, maiki huzidiwa na sauti hutoka imepasuka. Kuipunguza baadaye hakuitengenezi. Dawa ni kusogea. Umbali ukiongezeka mara mbili, mathalani kutoka nusu mita hadi mita moja, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Mwiko wa mti nao hugonga kwa upole kuliko kijiko cha chuma.

Sikio nalo huzidiwa. Ndani yake mna seli ndogo zenye vinyweleo, na zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wanaotumia vifaa vya kusikilizia wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Mtego wa mchezo huu ni huu: mtoto aliyevaa hedifoni anaongeza sauti ili amsikie mwenzake anayenong'ona, mara kengele inamlipukia masikioni.

Kwa hiyo rekodi isikilizwe kwanza kwa spika ya simu, sauti ikiwa chini. Kengele ipunguzwe hadi ikaribiane na maneno, ndipo hedifoni zivaliwe. Asigonge mtu chuma karibu na kichwa cha mdogo wake. Na mchezo ukiwa na vita, panga la shamba libaki lilipo. Vijiko viwili vinatosha.

Mtoto akisema masikio yanavuma, mchezo usimame, apumzike mahali patulivu. Yakivuma hadi kesho yake, au akianza kusikia kwa shida, apelekwe hospitali.

Anayetaka mlio mzito hahitaji kugonga kwa nguvu. Rekodi ikipunguzwa kasi kwa nusu, sauti hushuka ikawa nzito: mfuniko mdogo husikika kama kengele ya kanisa, au mabehewa yakiunganishwa pale stesheni.

Jioni familia ikae isikilize. Bibi akiuliza hiyo ni kengele ya shule gani, mtoto atajua kazi yake imekubalika. Ila mfuniko uwe umesharudi jikoni kabla wali haujapandishwa.