Asali Haizimi Sigara



Leo neno langu ni chungu kidogo, mnisamehe. Bi harusi hajamaliza hata miezi mitatu ndani, anauliza: "Bwana anavuta sigara, anakohoa usiku kucha, koo linamuuma. Nimpe nini?" Majibu yanakuja mbio. Tangawizi kwa asali na ndimu. Habasoda. Karafuu atafune. Maji ya chumvi asukutue. Hakuna hata mmoja anayesema: aache sigara, aende akapimwe.

Sizikatai dawa za bibi zetu. Asali inalainisha koo, na maji ya chumvi ya vuguvugu yanapunguza maumivu. Lakini mapafu yana vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu na makohozi, na moshi wa sigara ndio unaovilemaza. Wewe unachemsha tangawizi baada ya isha, yeye yuko barazani anawasha nyingine. Huko ni kuteka maji kwa pakacha. Na chumba cha mtu anayekohoa usikifukize udi kwa sasa. Moshi ni moshi, hata ukinukia.

Baya zaidi ni lile tunalofunzwa kabla ya harusi: mke mwema humsitiri mumewe. Kweli, aibu husitiriwa. Ugonjwa si aibu, ugonjwa hutibiwa. Kikohozi kikifika wiki mbili, akapimwe makohozi. Mvutaji yumo hatarini zaidi kupata kifua kikuu, na kifua kikuu husambaa kwa hewa, kwa hiyo anayelala ubavuni mwake ni wewe na mtoto wako. Kipimo na dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali, na matibabu kwa kawaida ni miezi 6. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, akimeza chakula kwa shida, au akipungua mwili bila sababu, daktari amtazame koo, maana saratani ya koo nayo huanza hivyo. Akitema damu, msingoje kesho. Na usimnunulie antibaiotiki dukani kwa kukisia. Haziponyi koo lililounguzwa na moshi.

Utaambiwa, "Hawezi kuacha." Ramadhani anafunga kuanzia alfajiri mpaka magharibi bila hata pafu moja. Basi ataweza, ila atahitaji msaada. Kuacha ni kugumu, na wiki za mwanzo kikohozi kinaweza hata kuzidi, kwa sababu vile vinyweleo vinaamka na kufagia. Asije akasema sigara ndiyo iliyokuwa dawa yake! Hapo ndipo asali yako, maneno yako laini na dua zako za usiku zina kazi ya kweli.

Na nyinyi mnaoposwa: wazee wanauliza kazi, ukoo na mahari. Uliza na hili, kupitia walii wako, bila kuona haya. Nyumba yenye moshi humdhuru mjamzito asiyevuta, na watoto hupata pumu na magonjwa ya kifua. Dini yetu inatukataza kujidhuru na kuwadhuru wenzetu. Somo anayekufunza kutandika asmini kitandani akufunze pia kusema, "Mume wangu, nakupenda, kesho tunakwenda hospitali."

Kusema hivyo si ukaidi. Ni amana. Bora akununie siku moja kuliko ukae eda katika ujana wako, ukijua ulisikia kile kikohozi kila usiku ukanyamaza.

Allah awape shifaa waume zetu, na atupe sisi ulimi wa hekima. Aamin.