Msimu ujao, mbio za magari zije Mara

Wanamichezo wa Tarime na Serengeti, tuache kidogo Simba na Yanga. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally kwa Datsun ya Japani, kisha akabeba mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Leo Safari ipo Naivasha; ukivuka Sirari, ukapita Kisii na Narok, umefika. Iringa wana Mkwawa Rally. Sisi je? Vumbi tunalo, kona tunazo, mashabiki ndo usiseme. Msimu ujao wahusika watupe raundi moja tu. Ila barabara ifungwe, ng'ombe wazuiwe, na watu wasisimame kwenye kona. Bila hivyo, bora tubaki na mpira wetu.