Maziwa ya Mtoto wa Kabla ya Siku

Kuzaa kabla ya siku ni mtihani wa pekee. Hapa kwetu Kaloleni, mjini Voi, nimezungumza na akina mama waliopata mtihani huo, na neno lao ni moja: kilichowachosha zaidi si uchungu, ni maziwa.

Watu huona ni jambo jepesi, mtoto akilia apewe titi. Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34 kwa kawaida hawezi bado kuvuta, kumeza na kupumua kwa mpango. Mama hana budi kukamua kwa mkono, usiku na mchana, kila baada ya saa mbili tatu. Mtoto apewe kwa mpira mwembamba, kisha kwa kikombe kidogo. Siku za mwanzo hutoka dang'a, tena matone tu. Hapo ndipo jirani husema, "Maziwa yako hayatoshi, nunua ya mkebe." Kumbe matone yale ndiyo kinga ya mtoto, na maziwa ya mkebe humzidishia hatari ya maradhi mabaya ya matumbo.

Na mama yake akikosa kabisa? Mwaka 2019 hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya akina mama, ya kwanza nchini Kenya. Watoaji hupimwa, na maziwa hupashwa moto kuua vijidudu. Ni kheri kubwa. Lakini sisi Waislamu twajua kuwa maziwa huleta udugu. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo sana pwani, mtoto wa chini ya miaka miwili akipata maziwa ya mwanamke mara tano mbalimbali huwa mwanawe, hata akinyweshwa kwa kikombe. Na watoto wa mama huyo hawezi kuwaoa. Kwa hofu ya kuchanganya nasaba, Baraza la Fikihi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 lilizikataza benki hizo. Sheikh Yusuf al-Qaradawi naye alizijuzisha, kwa hoja kwamba udugu huletwa na kunyonya titi lenyewe.

Hukumu nawaachia masheikh. Ninaloliona mimi ni kwamba kinachotia shaka ni kutojulikana mtoaji, si maziwa. Mama wa kunyonya si mgeni kwetu. Wazee walimjua kwa jina, na wanawe wakajulikana. Basi shangazi au jirani akipimwa hospitalini, na jina lake likaandikwa na kuhifadhiwa na jamaa zote mbili, mtoto atapona na nasaba itasalimika. Masheikh na madaktari wetu wakae pamoja walizungumze hilo mapema, maana saa ya mtoto kuzidiwa si saa ya kutafuta fatwa.

Lakini dawa ya kwanza ni kumsaidia mama mzazi apate maziwa yake. Huko Bogotá, Kolombia, tangu mwaka 1978 madaktari walianza kuwafunga watoto kama hawa kifuani, ngozi kwa ngozi. Joto hilo humtuliza mtoto na kuongeza maziwa. Baba naye aweza kumbeba hivyo, mama apate usingizi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama miezi 3 ya likizo yenye mshahara. Mtoto akilazwa wiki 6, karibu nusu imekwisha kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo, enyi waume na mawifi, pikeni uji, fueni nguo, na maneno ya "hayatoshi" yaacheni.