Siyo kosa la mama: Mendel tumemwacha kwenye karatasi ya mtihani



Leo sina habari za boom wala za ratiba ya mitihani iliyobadilishwa mara tatu. Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi pale vimbwetani mjadala ulianza na mpira ukaishia kwenye ndoa (mnajua mijadala ya vimbwetani inavyokwenda). Mshikaji mmoja wa mwaka wa tatu akasema kwa sauti kubwa kabisa kwamba kaka yake ana haki ya kuoa mke mwingine, maana huyu aliye naye "anamzalia wasichana watupu". Watu wakacheka, wengine wakaitikia "kweli bwana". Sasa ngojeni niwaambie kilichoniuma. Huyu jamaa somo lake la kufundishia ni BAIOLOJIA. Mwakani atasimama mbele ya watoto wa watu na chaki mkononi awafundishe urithi wa tabia!

Ndiyo maana naandika. Hoja yangu ni moja: sisi wasomi tumeigeuza elimu ya urithi kuwa kitu cha kujibia mtihani. Tunachora kile kiboksi cha Punnett, tunapata A, halafu tukirudi nyumbani tunamlaumu mama. Mtoto wa kike tena? Mama. Mtoto ana selimundu? Ukoo wa mama. Mtoto ana ualbino? Mama katoka nje. Nasema huu ni ujinga, na ujinga wa mtu mwenye digrii ni mbaya kuliko wa bibi kijijini, maana bibi hakukopeshwa hela za umma ili asome.

Tuanze na huyo kaka mwenye mabinti.

Binadamu ana kromosomu 46, jozi 23. Jozi moja ndiyo inayoamua jinsia: mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X na Y. Kila mzazi anatoa moja tu. Mama atatoa nini? X. Hana kingine cha kutoa, hata umtishie talaka. Baba ndiye mwenye X na Y, mbegu yake ikifika na X anakuja binti, ikifika na Y anakuja mvulana. Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1905 mama mmoja mwanasayansi wa Marekani, Nettie Stevens, aliliona akichunguza wadudu wa unga, na mwaka huohuo Edmund Wilson naye akaandika kuhusu mambo hayohayo. Zaidi ya miaka 100! Halafu leo msomi wa ualimu anasema mke ndiye "anazaa wasichana". Ndugu zangu wanaume, Y ni ya kwetu. Kama kuna wa kuulizwa, tuulizwe sisi.

Lakini mimi sitaki hata baba alaumiwe, maana naye hachagui. Ni kama kurusha sarafu. Ukirusha mara tano, uwezekano wa kupata upande uleule unaoutaka mara zote tano ni 1 kati ya 32. Kwa hiyo chukua familia 32 zenye watoto watano watano, tegemea moja hivi iwe na mabinti watupu, bila mchawi wala mkosi. Na mtoto wa sita? Bado ni nusu kwa nusu. Sarafu haina kumbukumbu.

Hapo ndipo tunapokwama wengi, hata wale wa A. Tumekariri "moja kwa mbili kwa moja" tukadhani ni orodha ya watoto wanne wa nyumba moja. Mendel mwenyewe hakufanya hivyo. Yule mtawa wa Brno alipanda njegere kuanzia mwaka 1856 mpaka 1863, maelfu kwa maelfu. Kwenye umbo la mbegu alihesabu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, karibu tatu kwa moja. Angehesabu mbegu nne tu asingeona kitu. Sheria inaonekana kwenye wengi. Kwenye nyumba moja yenye watoto wanne lolote linaweza kutokea.

Sasa twende kwenye selimundu, maana hapa si utani tena. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotajwa sana ni watoto 11,000 hivi kila mwaka. Chanzo chake ni badiliko la herufi moja ya vinasaba kwenye jeni iliyo katika kromosomu ya 11. Herufi MOJA. Seli nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha, damu inapungua, anaandamwa na maambukizi.

Ili mtoto aumwe selimundu yenyewe, ile tuliyoizoea hapa kwetu, lazima apokee jeni hiyo mara mbili: moja kwa baba, moja kwa mama. Someni tena hiyo sentensi. Moja kwa BABA. Aliyebeba moja tu kwa kawaida haumwi, anacheza mpira, anapanda Kilimanjaro, hajui kabisa. Wakikutana wabebaji wawili, kila mimba ina robo ya uwezekano wa mtoto kuumwa, nusu ya kuwa mbebaji kama wao, na robo ya kutokuwa nayo kabisa.

Kwa hiyo baba anayesema "kwetu hakuna ugonjwa huu, umetoka kwao" anajidanganya, na hesabu ni hii hapa. Wabebaji wawili wakizaa watoto wanne, uwezekano kwamba hata mmoja asiumwe ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, yaani 81 kati ya 256. Karibu theluthi moja! Familia kama hiyo inaweza kukaa vizazi na vizazi na jeni yake ikijisifu kuwa "damu yetu safi". Damu inatembea kimyakimya mpaka siku inapokutana na mwenzake.

Na ile nyingine ya "wa kwanza keshaumwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima"? Hiyo ndiyo hatari hasa, maana inatoka kwetu walimu. Ni kile kiboksi kilichofundishwa vibaya. Wa pili naye ana robo yake kamili. Wa tatu vilevile. Wapo wazazi wanaozaa wakiwa wamejipa uhakika ambao haupo.

Kuna wanaoita jambo hili laana ya ukoo. Sikieni basi. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka huko Kenya akipima damu za watu. Akakuta wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu kwenye baridi. Akajiuliza, sehemu hizo zina nini? Zina mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa maneno mengine, jeni hiyo imebaki kwetu kwa sababu iliwaokoa mababu na mabibi zetu enzi ambazo hapakuwa na chandarua wala dawa ya mseto. Laana gani hiyo inayokuvusha hai mpaka ukazaa?

Ualbino nao hivyohivyo. Baba mweusi, mama mweusi, mtoto mweupe, basi maneno yanaanza: kalala na mzimu, kalala na mzungu, kaacha mila. Wanaume wanafunga begi na kuondoka. Wakati ualbino huu wa ngozi, nywele na macho unahitaji jeni mbili, moja ya kila mzazi, na baba anayekimbia ameiacha ya kwake kitandani. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa ni mtu 1 mwenye ualbino katika kila 1,400 hivi. Tuchukulie kwa urahisi kwamba ni jeni ya aina moja, tupige hesabu ya Hardy na Weinberg (ile mliyoichukia), tunapata kwamba karibu mtu 1 kati ya 19 ameibeba bila kujua. Ukumbi wa lekcha wenye watu 400 una kama 20 hivi. Angalia kulia kwako, angalia kushoto. Pengine ni wewe.

Na hapa ujinga unaua, kabisa. Tunakumbuka mauaji yaliyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, na mwaka 2024 mtoto mdogo tu aliuawa mkoani Kagera. Anayenunua kiungo cha binadamu anaamini yule si mtu bali ni kitu cha ajabu. Kama darasa la jeni lingefika kichwani badala ya kuishia kwenye daftari, angejua kwamba alichokosa mwenzake ni rangi iitwayo melanini. Basi. Hakuna utajiri pale, kuna mtu.

Najua mtakachosema. Mmoja jana kaniambia, "Wewe unatetea wanawake tu, mbona kuna vitu vinatoka kwa mama peke yake?" Kweli, vipo. Mitokondria zote tunapewa na mama. Mtoto wa kiume mwenye hemofilia, au asiyetofautisha nyekundu na kijani, kwa kawaida amepata jeni hiyo kwenye X ya mama. Lakini nani aliwahi kukaa akachagua X ya kumpa mwanawe? Na mama naye huenda X hiyo alipewa na baba yake. Sasa talaka tumwandikie babu mzaa mama? Kutoa jeni si kutenda kosa.

Mwingine akasema kupima damu kabla ya ndoa kutavunja uchumba wa watu. Mimi simwambii mtu asimuoe ampendaye. Wabebaji wawili wana haki ya kuoana na kuzaa. Ninachosema ni wajue. Anayejua atampima mtoto mapema. Mtoto akigundulika mapema anaanzishiwa dawa za kuzuia maambukizi, na ipo haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu. Asiyejua anazunguka kwa waganga mwaka mzima huku mke akitukanwa na mawifi. Uchumba unaovunjwa na karatasi ya maabara, jamani, ungevumilia mtoto mgonjwa?

Sasa nawageukia ninyi wenzangu wa ualimu, maana wa udaktari wana viapo vyao.

Kesho kutwa tunakwenda mazoezi ya kufundisha. Darasani kwako kutakuwa na mtoto anayekosa shule kila mwezi, macho ya njano, asubuhi ya baridi hataki mchakamchaka. Utamwita mvivu? Utamchapa? Kwenye shule moja nisiyoitaja nilimsikia mwalimu ofisini akimwita mtoto wa namna hiyo "bingwa wa kuumwa", na ofisi nzima ikacheka. Mtoto huyo anahitaji maji ya kunywa mara kwa mara, asipigwe na baridi, asichoshwe kupita kiasi, na akiumwa apelekwe hospitali haraka. Kutakuwa na mwingine mwenye ualbino ambaye haoni ubao. Si kwamba hana akili, macho yake ndiyo hayaoni vizuri. Mweke mbele, andika kwa herufi kubwa, muache avae kofia na mikono mirefu juani hata kama sare hairuhusu. Hivi havihitaji bajeti ya wizara.

Na ukifika kwenye mada ya urithi, njegere ni nzuri, mfundishe Mendel kwa heshima zote. Lakini usiishie hapo. Wape sarafu waruke nazo darasa zima, waone wenyewe jinsi namba zinavyocheza kwenye kundi dogo na kutulia kwenye kundi kubwa. Wape swali la selimundu. Wape swali la nyumba yenye mabinti watano, halafu uwaulize: hapa mama kakosea nini? Mvulana atakayejibu swali hilo akiwa kidato cha nne hatakuja kumfukuza mke wake akiwa na miaka 30.

Yule mshikaji wa vimbwetani najua anasoma hapa. Kaka, sina ugomvi na wewe. Nenda tu ukamwambie kaka yako ukweli kabla hajapeleka barua ya posa kwingine, maana huko aendako atakwenda na sarafu ileile.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Mwenye hoja alete hoja, mwenye matusi abaki nayo. Nawahi foleni ya chakula kabla maharage hayajaisha.

Tuko pamoja.