Tamati mpya za intaneti: Je, hesabu ya faida itangulie?

MAFUNDI wa milango ya vyuma, wauzaji makaa na washonaji wa Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda katika eneobunge la Embakasi Kusini, Nairobi, huandika anwani zao kwa rangi ukutani: nambari ya simu, na chini yake nambari ya Lipa na M-Pesa. Ni nadra kuona "co.ke" hapo. Hatua chache tu kutoka huko, katika viwanda vya Industrial Area, kampuni kubwa zina majina ya intaneti, na baadhi ya majina hayo hununuliwa si kwa kuhitajika bali kwa hofu ya kuangukia mikononi mwa matapeli.

Tofauti hiyo ndiyo inayolipa uzito swali ambalo limezua mjadala kwa karibu miaka 20. Je, ICANN, shirika lenye makao California, Marekani, ambalo husimamia majina ya intaneti duniani, lilipaswa kuthibitisha faida ya kiuchumi kabla ya kuongeza tamati za anwani?

Nairobi yenyewe ina sehemu katika historia hiyo. Machi 2010, wajumbe wa ICANN walikutana katika jumba la KICC, na bodi ikatupilia mbali pendekezo la kuwataka wenye nia ya kumiliki tamati mpya wajitokeze mapema. Wakati huo hoja ya uchumi ilikuwa imepamba moto. Idara ya Haki ya Marekani ilikuwa imeonya mwaka 2008 kwamba maslahi ya wanunuzi hayajazingatiwa ipasavyo. Mwanauchumi Dennis Carlton, katika ripoti zake za 2009, alishikilia kuwa tamati zaidi zingeleta ushindani. Wenzake Katz, Rosston na Sullivan walishauri mwaka 2010 kwamba faida na gharama zipimwe, na milango ifunguliwe kwa awamu.

Hata hivyo, bodi iliidhinisha mpango huo mjini Singapore mnamo Juni 20, 2011, bila hesabu kamili mezani.

Matokeo yake? Ada ya ombi moja ilikuwa dola 185,000. Kati ya maombi 1,930 yaliyotangazwa Juni 2012, ni 17 pekee yaliyotoka Afrika. Mpango wa kuwasaidia waombaji wasio na uwezo uliwavutia watatu tu, na mmoja ndiye aliyefaulu. Tamati zaidi ya 1,200 zilifunguliwa, lakini "com" ingali inatawala kwa majina zaidi ya milioni 150, na tamati hizo mpya zote kwa pamoja hazijafikia nusu ya idadi hiyo. Makumi ya kampuni zilizonunua tamati za majina yao zimezirudisha.

Tamati ya "africa" ndiyo iliyolihusu bara hili moja kwa moja. Shirika la DotConnectAfrica, lenye shughuli zake Nairobi, liliwania haki hiyo dhidi ya ZACR ya Afrika Kusini, iliyoungwa mkono na Umoja wa Afrika. Jopo la wasuluhishi liliipa DotConnectAfrica ushindi dhidi ya ICANN Julai 2015, kesi ikaendelea mahakamani Los Angeles, na hatimaye tamati ikakabidhiwa ZACR Februari 2017. Katika miaka hiyo yote hoja kuu ilikuwa nani aimiliki. Ni wachache waliouliza ingemfaa nani sokoni.

Watetezi wa upanuzi husema kwamba kudai ushahidi kabla ya ubunifu ni kuuzima. Hoja hiyo ina mashiko. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005, lengo lilikuwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Ni watumiaji walioigeuza kuwa njia ya kutumiana pesa. Utafiti wa mezani ungethibitisha kitu kingine kabisa. Lakini mfano huohuo unawaumbua: kulikuwa na majaribio, kwa watu wachache, kabla ya huduma kuzinduliwa Machi 2007. Jaribio likifeli husitishwa. Tamati ikishauziwa watu maelfu, ni vigumu kuifunga bila kuwaumiza.

Aidha, gharama haimwangukii anayefaidi. Mwenye tamati hukusanya ada kila mwaka. Mwenye kiwanda hulipia jina lilelile mara ya pili na ya tatu ili kujilinda. Fundi wa kwa Reuben halipi, lakini hafaidi pia, kwani KENIC, inayosimamia "ke", ilikuwa tayari na nafasi tele kabla ya 2012. Kilichomzuia hakikuwa uhaba wa tamati.

Awamu nyingine, ambayo ICANN iliipangia Aprili 2026, ina ada ya dola 227,000, takriban Sh29 milioni, ingawa waombaji wanaostahili msaada wameahidiwa punguzo kubwa. Serikali wanachama wa kamati ya ushauri ya ICANN zilitaka, zilipokutana Helsinki Juni 2016, uchambuzi huru wa gharama na faida ufanywe kabla ya awamu hiyo. Jopo la kutathmini ushindani, katika ripoti yake ya Septemba 2018, lililalamikia uhaba wa takwimu, zikiwemo za bei, ambazo kwa sehemu kubwa zimo mikononi mwa kampuni zinazouza majina hayo.