Nani Anauchora Mji Wetu?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumezoea kuitumia kwa mambo ya chakula na ukarimu, lakini leo, ndugu msomaji, nataka tuipime kwa jambo jingine kabisa, nalo ni uchoraji wa picha za mji kwa rangi za maji. Kwani mgeni amekuja, ameketi barazani petu na ubao wake na kikopo chake cha maji, amezichora nyumba zetu, kisha akaenda zake. Je, mwenyeji amepona?

Mtu apitaye mara kwa mara Ndia Kuu katika Mji wa Kale wa Mombasa, au Mkomani na Shela kisiwani Lamu, au vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, hatakosa siku moja kumkuta mchoraji juu ya kigoda, kofia pana kichwani, anatazama roshani ya nyumba, anainamisha kichwa, anatia rangi, anatazama tena. Watoto humzunguka kama nzi kwenye halua. Wazee hupita wakatoa salamu, wakacheka kidogo, wakasema moyoni kwamba huyu hana kazi. Mimi nasema kazi anayo, tena kubwa, na kama sisi hatuioni ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Watu hawa hawafanyi mambo kwa kubahatisha. Mwaka 2007, Gabriel Campanario, mwandishi na mchoraji wa gazeti katika mji wa Seattle, Marekani, alianza kuwakusanya watu wenye mazoea ya kuchora miji wanamoishi na wanayoitembelea. Kutokana na hapo kikazaliwa chama kiitwacho Urban Sketchers, ambacho kilifanya mkutano wake wa kwanza wa kimataifa mjini Portland mwaka 2010, na leo kina matawi katika nchi nyingi za dunia. Masharti yao ni machache. Kuchora ni papo hapo, si kunakili picha ya kamera ukiwa nyumbani. Mchoraji awe mkweli kwa anachokiona. Na kila mchoro uwe kumbukumbu ya mahali na wakati wake. Ukiyatazama vyema masharti hayo utaona kuwa ni masharti ya shahidi. Mahakamani haulizwi mtu alichosikia kwa jirani, huulizwa alichokiona kwa macho yake.

Sasa tuangalie ushahidi wa mji wetu uko mikononi mwa nani. Mwaka 1572, huko Cologne, Ujerumani, Georg Braun na Franz Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao kikubwa cha picha za miji ya dunia. Mombasa imo humo, na Kilwa imo, zimekaa ukurasa mmoja na Aden na Sofala. Waliokitoa kitabu hicho walikuwa Ulaya, na mji wetu waliuchapisha kwa habari za kuletewa. Karne tatu baadaye, kati ya 1846 na 1848, nahodha Mfaransa Charles Guillain alizunguka pwani hii ya Afrika Mashariki, na safari yake ikarudi na picha na michoro iliyochapishwa Paris. Huyo angalau alifika. Lakini akija asiyekuja, akichora aliyeona na asiyeona, aliyekosekana siku zote ni mmoja: mwenyeji.

Nasikia wengine watasema, mwenyeji hakuchora kwa kuwa dini haikumpa ruhusa. Hili ni neno zito na halifai kupitwa kwa mbio. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu, ubao mapajani, tulifunzwa mapema kwamba mwenye kusawiri viumbe wenye roho ana jambo la kujibu mbele ya Mola. Sina nia ya kulipunguza hilo. Bali walewale waliotufikishia onyo hilo walitufikishia pia habari ya Ibn Abbas, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ya mtu aliyemwendea akasema riziki yake ni kutengeneza sanamu na picha. Ibn Abbas alimwonya, mtu yule uso ukamgeuka rangi kwa hofu, kisha akaelekezwa kwamba kama hana budi, basi achore miti na kila kitu kisichokuwa na roho. Sasa nyumba ina roho gani? Mlango wa nakshi, ngazi, kisima, mnara wa msikiti, jahazi lililofunga nanga, vyote hivyo viko upande wa pili wa mpaka.

Wala si nadharia tupu. Nenda Damascus, katika Msikiti Mkuu uliojengwa na Khalifa al-Walid mwanzoni mwa karne ya 8, utakuta kutani picha za vijiwe vya rangi: majumba, mito, miti mirefu, wala hamna binadamu hata mmoja. Kadhalika katika karne ya 16 alikuwako Mturuki aitwaye Matrakçı Nasuh, mtu wa hesabu na wa upanga, aliyefuatana na jeshi la Sultan Süleyman kutoka Istanbul hadi Baghdad kati ya 1533 na 1536. Kila kituo walichofika kiliingia katika kitabu chake: Tabriz, Halab, Baghdad na mingineyo, michoro zaidi ya 100, kuta na kuba na mito na madaraja, bila ya watu. Kitabu hicho kimehifadhiwa mpaka leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Istanbul. Kwa hiyo anayesema kuchora mji ni desturi ya Wazungu, aulize kwanza habari za Nasuh.

Tugeukie kazi yenyewe, kwani mtu hawezi kukithamini asichokijua. Rangi ya maji ni nyepesi na huonyesha kilicho chini yake. Fundi wa rangi ya mafuta akikosea hupaka juu akafunika, lakini wa rangi ya maji hafuniki. Na weupe, ambao ndio rangi ya kuta zetu za chokaa, kwa kawaida haupakwi. Mchoraji huuacha. Weupe ni karatasi yenyewe isiyoguswa, na ukuta huonekana kwa kivuli kilichowekwa pembeni yake. Tena kivuli hakingoji. Saa mbili ya asubuhi kimelala upande huu wa kichochoro, saa sita kimekwisha, alasiri kimehamia ng'ambo. Hewa yetu nayo ina unyevu, rangi hukawia kukauka asubuhi na mapema, na jua likipanda hukauka kabla brashi haijafika mwisho wa ukuta. Hapo ndipo mchoraji hulazimika kuchagua: hili nitaliandika, hili nitaliacha. Sisi washairi tunaijua dhiki hiyo, maana mizani nayo haingoji.

Na katika kutazama huko mtu hufunzwa. Anayechora chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu kwa saa nzima hukosi kumsikia akiuliza kwa nini chumba ni kirefu hivi na upana wake ni kama mita 2 na nusu au 3 tu. Jibu liko juu ya kichwa chake. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Ataona ukuta ni mnene kwa kuwa ni matumbawe na chokaa, ataona nje ni patupu ilhali ndani mna vidaka na nakshi, akafahamu kuwa nyumba hii ilijengwa na watu waliothamini sitara. Akija Mombasa ataona roshani za mbao zimetokeza juu ya njia, akatambua mkono wa mafundi wa Bara Hindi. Haya yote mwanafunzi wetu anayapita kila siku akienda shule.

Utaniambia, simu imeingia kila mfuko, picha elfu hupigwa kwa siku, ya nini kuhangaika na brashi? Swali hilo lina haki yake. Picha ya kamera ni ushahidi mzuri na sitaki ikomeshwe. Lakini kamera huchukua vyote kwa mpigo bila mwenye kamera kuona chochote. Mtu aweza kupiga picha ya mlango mara kumi asijue una nakshi za maua au za minyororo. Aliyeuchora mara moja hatausahau.

Jambo lenyewe lina uharaka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo. Jumba lile lilinusurika mizinga ya 1896, lakini kuchakaa kuliliweza. Nalo limo katika Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Lamu iliingia orodha hiyo mwaka 2001, Ngome ya Yesu mwaka 2011, na Mji wa Kale wa Mombasa umekuwa chini ya sheria za hifadhi tangu 1990. Karatasi za serikali tunazo. Bali karatasi ya serikali haizuii mvua kupenya darini, wala haimpi mjane fedha za chokaa na boriti. Ukuta hubomoka usiku, asubuhi hupandishwa matofali ya saruji, na baada ya miaka kumi hapana awezaye kusema roshani ilikuwa na nguzo ngapi.

Waingereza waliliona hili mapema kwao. Vita vikuu vya pili vilipozuka, Kenneth Clark, mkuu wa jumba la picha la taifa mjini London, alianzisha mradi ulioitwa Recording Britain, fedha zikatolewa na mfuko wa hisani wa Pilgrim Trust. Wachoraji walitumwa mitaani na mashambani kuchora, aghalabu kwa rangi za maji, makanisa, vinu, maduka na vichochoro kabla mabomu au wajenzi hawajavifikia. Zilipatikana picha zaidi ya 1,500, nazo leo ziko katika makumbusho ya Victoria and Albert. Angalia akili ya watu: walipoona hatari, hawakungoja mgeni aje awachoree.

Simlaumu mgeni. Wachoraji wa Ulaya waliokuwa wakialikwa Lamu katika miaka ya 2010 walifanya kazi kwa mapenzi, na baadhi ya vijana wetu walijifunza kwao. Lakini mgeni huona kwa macho ya mgeni. Plasta iliyobanduka kwake ni urembo, kwa maana inapokea rangi vizuri. Kwa mwenye nyumba ni gharama na aibu mbele ya jirani. Picha hiyo ikitundikwa ughaibuni humvuta mnunuzi, naye mnunuzi hupandisha bei, na mtoto wa mtaa akitaka kuoa akajenga kwao, hukuta kwao hakununuliki. Hilo ndilo nilioneapo hatari: mji kubaki mzuri katika picha huku wenyewe wamehamia bara ya kisiwa. Mwenyeji akichora, plasta ile ile ataiandikia na jina la nyumba, na ukoo uliokaa humo, na sababu ya kubanduka.

Tufanyeje basi? Kwanza, mtaala wa sasa wa shule unatambua sanaa za ubunifu, na shule za upili zina mkondo wa sanaa. Walimu wa Mvita, Lamu na Malindi wawatoe wanafunzi darasani, wakae barazani, wachore. Kikasha cha rangi za shule, brashi mbili na chupa ya maji vyatosha kuanzia. Pili, makumbusho yetu yatenge mahali pa kuweka michoro hiyo, kila mmoja ukiwa na tarehe, mtaa na jina la nyumba, ili fundi wa kesho apate pa kurejea. Tatu, adabu. Anayetaka kuchora apige hodi. Ua wa ndani na kina mama si mandhari ya mpita njia, na mwenye nyumba akikataa, amekataa. Kijana wa mtaa analijua hilo bila kuambiwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kumkabidhi yeye brashi.

Nami kwa kuwa mkono wangu umezoea kalamu kuliko brashi, nachangia kwa nilichonacho:

Mji wetu ni kitabu, kurasa zimeinama,
Kausoma wa ghaibu, mwenyewe hakuusoma,
Tuandike kwa adabu, hali kuta zasimama,
Zikigeuka turabu, hatutapata alama.

Mwenyeji atapona siku atakapoketi pale alipoketi mgeni, akautazama ukuta wa babu yake kwa saa moja kamili. Jua la asubuhi ni bure, na baraza ni zetu. Inshallah watakaosoma haya watamnunulia mtoto mmoja kikasha cha rangi kabla ya mvua za masika.